Maiti wa Kokoto

Nyumbani kwetu Kilwa Kivinje watu walikufa kila siku baada ya swala ya alasiri. Tuliwaua wenyewe, barazani, tukicheka. Wauaji tulikuwa wanne: babu mzaa baba, baba yangu, baba mdogo, na mimi, mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili niliyeingizwa mchezoni kwa sababu nilipoachwa nje nilipiga kelele mpaka majirani wakalalamika.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mirathi. Babu alisoma elimu ya mafungu ujanani mwake, na elimu hiyo, kwa asiyeijua, ni hesabu tupu. Mtu akifa, mkewe ana fungu lake, mama yake ana lake, watoto wana lao, na kila fungu limekwisha kupimwa tangu zamani: nusu, robo, sudusi yaani moja ya sita, thumni yaani moja ya nane. Kazi ya mgawaji ni kutafuta namba moja itakayokubali kugawanyika kwa wote bila kubaki kipande. Wengine huisoma ili wawe makadhi. Sisi tuliisoma kwa sababu ilikuwa tamu kuliko bao.

Zamu ilizunguka. Mwenye zamu alisema, "Leo amekufa fulani," akataja jamaa aliowaacha, nasi wengine tukagombania jibu, kila mtu na kokoto zake sakafuni. Masharti yalikuwa mawili. Usimfishe mtu tunayemjua. Na jibu lako litoke bila kusita. Ukisema "ngoja kwanza" umekwisha, nenda kisimani ukateke maji. Baba yangu aliteka maji mengi sana kwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili.

Nakumbuka jioni babu alipofisha mwanamke aliyeacha mume, mama na mabinti wawili. Nilizipanga kokoto kumi na mbili. Mume tatu, mama mbili, mabinti nane. Nikarudia. Nilikuwa na kokoto kumi na mbili na watu wanaodai kumi na tatu. Nikamwambia babu maiti wake ni mbovu, na baba mdogo akacheka mpaka akashika ubavu. Ndipo babu akanieleza kwamba hapo hakuna anayefukuzwa. Unaongeza kokoto moja, mali unaigawa kumi na tatu, na kila mtu anapunjika kidogo kwa haki. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha. Sijui kama kuna watoto wengine walioshindwa kulala kwa ajili ya kumi na tatu.

Hatukubaki kwenye mafungu tu. Kulikuwa na vitendawili vya ukoo pia, kama kile cha wanaume wawili ambao kila mmoja amemuoa mama wa mwenzake, na kila mmoja amezaa mtoto wa kiume: watoto hao wanaitanaje? Kilinichukua siku tatu. Kila mmoja ni amu wa mwenzake. Nilipolipata jibu nilikimbia mpaka sokoni kumwambia baba mdogo, aliyekuwa anasimamia mizani ya mbata ya mfanyabiashara mmoja, naye akaacha mizani na wateja akanisikiliza mpaka mwisho. Yeye ndiye niliyempenda kuliko wote pale barazani, nasema kweli, hata kuliko baba. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa kupima mara mbili ndipo akate. Baba mdogo alikuwa wa upesi, nami nilikuwa wa upesi zaidi, na alijivunia kushindwa na mimi.

Mama hakuupenda mchezo hata kidogo. Alipita na sinia la mchele akinung'unika kwamba tumemzoesha Izraili mlango wetu. Mkewe baba mdogo, aliyekaa na wanawe watano katika vyumba vya upande wa pili wa nyumba, hata kunung'unika hakunung'unika. Kwake yeye tulikuwa watu wazima waliokosa kazi. Alisema hesabu yake ni moja tu, vinywa na sufuria.

Mwaka ule vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha na kaniki zimeanza kuonekana tena madukani, kwa hiyo baba alikuwa na kazi tele. Kabla ya masika baba mdogo alileta maiti wawili kwa mpigo. Baba na mwanawe wamezama pamoja, alisema. Mzee ameacha mwana mwingine mzima. Yule mwana aliyezama ameacha mke na watoto. Nani anarithi mali ya mzee?

Nikajibu kwamba yategemea aliyetangulia. Mzee akitangulia, wanawe wawili wamekwisha kumrithi, ingawa mmoja kwa pumzi mbili tu, na fungu la huyo linashuka kwa mkewe na watoto wake. Mwana akitangulia, mali yote ya mzee ni ya yule mwana aliyebaki, na wajukuu hawana kitu, kwa sababu mwana humzuia mjukuu. "Na kama haijulikani?" baba mdogo akauliza. Hapo nilisita, nikapelekwa kisimani. Babu akanieleza niliporudi: isipojulikana, hakuna anayemrithi mwenzake, kwa hiyo wajukuu hawana kitu vilevile. Majibu matatu, na ni moja tu linalowapa wajukuu chochote. Baba alisema maiti hao hawapendi. Babu akamwambia hakuombwa awapende, aliombwa awagawe. Tukacheka.

Mvua zilipoanza hazikukatika. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya zamani, dari yake ya boriti za mkoko zilizobebeshwa kifusi na chokaa unene wa mkono mzima. Dari ya namna ile ikinywa maji huwa nzito kuliko nyumba yenyewe. Siku ya sita asubuhi babu alikuwa amelala chumba cha mbele na homa, na baba alikuwa amehamishia cherehani yake humo, dirishani, apate mwanga na amtazame baba yake. Mama alikuwa jikoni na mdogo wangu wa kiume mgongoni. Mimi nilikuwa ukumbini naosha vikombe.

Sikusikia mlio mkubwa kama watu wanavyodhani. Nilisikia boriti ikilia, kisha kama gunia linalotuliwa chini, kisha vumbi likatoka mlangoni pamoja na mvua. Nilipoingiza kichwa niliona mkono wa baba hadi kwenye bega. Mwili uliobaki ulikuwa chini ya mawe. Niliita, nikaushika mkono, nikauvuta vidole. Nimewahi kuchinja kuku. Najua kitu kilichokwisha kikoje. Baba alikuwa amekwisha.

Halafu upande wa kitanda babu akakohoa.

"Nani huyo?" akauliza. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Usiingie, mtoto. Kaite watu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeagiza maji. Nikakimbia sokoni bila viatu, nikamwita baba mdogo, naye akaja na wachukuzi na majembe. Wanawake walinikamata wakanifungia uani, na huko ndiko nilikosikia kilio. Waliwatoa wote wawili wamekufa. Alasiri hiyo waliwazika.

Sasa nitasema jambo ambalo si zuri. Siku ya pili ya matanga, watu wakisoma ndani, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na kokoto. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Babu hakuacha wasia, wala mke, kwani bibi alikufa zamani. Alichoacha ni ile nyumba na shamba la minazi, njia ya kwenda Nangurukuru, mashina tisini na sita, na ndilo lililotulisha. Cherehani ya baba ilikuwa chini ya kifusi, imepinda. Niliwapanga kama nilivyowapanga maiti wengine wote. Babu akitangulia: baba mdogo mashina arobaini na manane, mama sita, mdogo wangu ishirini na manane, mimi kumi na manne, na nyumba kwa mafungu hayo hayo. Baba akitangulia: baba mdogo tisini na sita. Haijulikani: baba mdogo tisini na sita. Namba zilikaa vizuri sana, bila kipande, na kwa kitambo kidogo, Mungu anisamehe, nilifurahi jinsi zilivyokaa.

Kisha nikaelewa ninachokitazama. Ndugu zake mama walikuwa Kinjumbi, na mkubwa wao alikwisha kusema matangani, watu wakisikia, kwamba eda ikiisha dada yake atarudi kwao na "huyu mkubwa" ataozwa, kuna mtu. Huyu mkubwa ndiye mimi. Huyo mtu nilimjua. Alikuwa na wake wawili na mkongojo. Mama alisikia haya akiwa nyuma ya pazia.

Siku ya nne baba mdogo aliniita barazani. Tulikuwa peke yetu. Macho yake yalikuwa mekundu na kucha zake bado zina chokaa. Alisema kadhi amemwita kesho kutwa, na swali atakaloulizwa ni nani alitangulia. Ushahidi wa mtoto hausimami mbele ya kadhi, alisema, tena mtoto mwenye fungu lake humo. Lakini kukiri kwake yeye kunasimama, kwa sababu mtu akikiri jambo linalompunguzia hakuna anayembishia.

"Wewe ulikuwepo," akasema. "Utakalolisema ndilo nitakalolikiri."

"Babu alitangulia," nikasema.

Sikusita. Nilikuwa nimefundishwa kutosita. Akaniuliza kama nina yakini, nikasema ninayo. Akainama kutafuta kubadhi lake, kumbe limo mguuni mwake tayari, akainuka, akaondoka.

Kwa kadhi mambo yalikwisha upesi. Baba mdogo alikiri kwamba baba yake alikufa kwanza na kaka yake baadaye, ikaandikwa, na minazi ikatiwa alama ya chokaa, nusu kwa nusu. Mama alipoambiwa alisujudu palepale chumbani, akanishukuru hata mimi bila kujua anashukuru nini. Mjomba aliondoka peke yake kurudi Kinjumbi. Sikuozwa kwa mwenye mkongojo. Niliolewa baadaye sana, na mtu niliyemtaka, tukahamia Lindi, Mtanda, na katika yote hayo hapakuwa na siku niliyokula nazi bila kuisikia humo ladha ya uongo wangu.

Mchezo ulikufa. Hakuna aliyesema tuuache. Kokoto zilikaa kwenye kifuu chake kwenye pembe ya baraza mpaka watoto wakazimaliza kwa kutupia kunguru. Baba mdogo hakuniuliza tena kitendawili hata kimoja. Nilipopita alinijulia hali, akaniuliza kuhusu mdogo wangu, akatazama pembeni. Nilidhani ananichukia. Nilidhani pia, na hili ndilo lililonila, kwamba hajui kwa nini ananichukia.

Minazi arobaini na minane haitoshi kwa watu saba. Mwaka wa pili chonga, wale wadudu wa minazi, waliingia upande wake wa shamba wakatoboa vilele, na bei ya mbata ilianguka, na yule mfanyabiashara mwenye mizani akafunga duka. Baba mdogo akachukua kipande, kadi ya kibarua, akaenda kukata mkonge katika shamba moja nje ya Lindi. Mtu wa kalamu na mizani, na panga mkononi akiwa na miaka arobaini. Mwaka wa tatu huko, jani moja lilimrudi usoni na mwiba wake ukaingia jicho la kushoto. Walimrudisha Kivinje na kitambaa kilichomfunga macho yote mawili. Mama alimpelekea uji kila asubuhi kwa mwezi mzima, uji uliotiwa tui la minazi yetu, mimi nikiubeba.

Nilimtazama akinywa kwa kupapasa kikombe, nikajua nimelitoboa mimi jicho lile. Watu wataniambia nilikuwa mtoto. Najua nilikuwa mtoto. Lakini nilikuwa mtoto aliyejua kugawa, na sikukosea hesabu, nilikosesha watu.

Sikusema kitu mpaka mama alipofariki. Asingeweza kuibeba siri hiyo, na mimi nisingeweza kumwona akijaribu. Alipotimiza mwaka kaburini nilipanda lori kutoka Lindi, nikiwa na watoto wangu wawili tayari, nikaenda Kivinje kwa baba mdogo. Ilikuwa asubuhi. Alikaa barazani, mahali palepale, anasuka kamba ya makumbi. Mama mdogo, mkewe, alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, mlangoni, karibu kiasi cha kusikia. Niliwaamkia, shikamoo, marahaba, wakaniuliza habari za Lindi. Nikawajibu zote. Kisha nikamwambia baba mdogo kwamba babu hakutangulia. Nikamweleza mkono, kikohozi, maneno ya babu, na kokoto zangu nyuma ya nyumba. Nilimwambia kwamba nusu ya shamba ni yake tangu siku ile na kwamba nimekuja kuomba radhi na kurudisha nitakachoweza.

Aliendelea kusuka kidogo. Halafu akasema, "Najua."

Nilidhani hakunisikia, nikaanza upya. Akanizuia kwa mkono.

"Najua, mwanangu. Nilipomfikia baba alikuwa hai. Nilimtoa uso kwenye mawe mimi mwenyewe. Akanishika hapa," akaonyesha kifundo cha mkono, "akaniuliza, ndugu yako je? Na ndugu yangu nilikuwa nimekwisha kumwona. Nikamwambia, mzima, baba. Akasema alhamdulillahi, akafa."

Kamba ilikuwa imemwanguka mapajani na hakuitafuta. Akaendelea, akasema kwamba baada ya hapo alikaa siku tatu anatugawa kichwani, mimi na mama na mdogo wangu, na kila alivyotugawa tulikuwa tunatoka bure. Hakutaka tutoke. Lakini kwenda mbele ya kadhi na kusema kwa ulimi wake kitu anachojua si kweli, alishindwa. Alikwisha kumdanganya baba yake anayekata roho, na uongo wa pili haukumtoka. Ndipo akafikiri kwamba nikisema mimi, naye akikiri nilichosema mimi, basi kwake haitakuwa uongo sawasawa. Alijua nitazijua namba. Alijua nitajibu nini kabla hajaniita.

"Ulijibu upesi sana," akasema. "Nikaogopa. Tangu siku ile nilikuwa nakuogopa."

Miaka yote ile nilidhani nimemwibia mtu ambaye hajui, kumbe mtu huyo alinishika mkono akanipeleka mwenyewe. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, na nadhani ningefanya moja ya hayo mawili kama mama mdogo hangeacha kukuna.

Alikuwa ameketi na kifuu mkononi, anamtazama mumewe. Ni mwanamke ambaye hakuwahi kukaa nasi kwenye kokoto hata alasiri moja. Alilea watoto watano kwa nusu shamba, mume yuko mkongeni, na hakuwahi kuuliza nusu ya pili ilikwendaje. Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Sasa si ungesema ukweli, ukalichukua shamba lote, halafu ukawapa nusu yao?"

Baba mdogo aligeuza jicho lake zima upande wa sauti.

"Shamba lingekuwa lako," mama mdogo akasema. "Nani angekukataza kumpa mtoto wa ndugu yako?"

Hakuna. Hiyo ndiyo hiba, kila mtu anaijua, wanawake wanapeana vyombo kwa hiba kila siku. Kadhi angeiandika kabla kahawa yake haijapoa. Minazi ingekuwa ileile arobaini na minane na sisi tungekuwa kwenye nyumba ileile, na labda jicho lingeharibika vilevile, hilo sijui. Lakini uongo usingekuwepo. Kwa miaka mingi tuliwafisha matajiri na maskini barazani pale, tukawapangia warithi wa kila aina, na hatukuwahi hata mara moja kumweka mrithi anayepokea fungu lake akampa mwenzake. Haikuwa sehemu ya hesabu. Babu, aliyejua yote, hakutufundisha, na sisi wawili wa upesi, tuliojivunia kwamba hakuna maiti anayetushinda, hatukuliona.

Baba mdogo alisema kwa sauti ndogo kwamba hakulifikiria. Alilisema mara mbili. Akaanza kulia kwa jicho moja, mzee yule, na mama mdogo akavuta ushungi wake akamfuta, bila haraka, kama anavyomfuta mtoto.

Mimi pia nililia, ila kwangu haikuwa huruma. Ilikuwa hasira, na bado ninayo, na simfichi yeyote. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye alikuwa mtu mzima.